Kuwiwa na Nani? Ufadhili wa Baada ya Uzamifu na Maadili ya Uchunguzi wa Diaspora ya Kiafrika

Utangulizi

Kila ufikapo msimu wa maombi ya ufadhili, mlango wa mwalimu wa chuo kikuu hubishwa na wageni wa aina moja. Ni wanafunzi wake wa zamani, waliokwisha kuhitimu shahada ya uzamifu, ambao huja kuomba barua ya mapendekezo. Barua hiyo huambatishwa na pendekezo la utafiti, na aghalabu pendekezo lenyewe huhusu, kwa njia moja au nyingine, diaspora ya Kiafrika: watu wenye asili ya Afrika waliotawanyika ng'ambo ya bahari mbili, fasihi zao, dini zao na kumbukumbu zao. Mwandishi wa makala haya ameziandika barua za namna hiyo kwa miaka kadhaa sasa, na yeye mwenyewe aliwahi kuandikiwa moja iliyomfikisha mbali.

Si zamani, mmoja wa wanafunzi hao aliipokea barua yake, akaikunja, kisha akauliza swali ambalo halikuwamo katika fomu yoyote. "Mwalimu," alisema, "nikienda nitakuwa nimemsaliti nani? Na nikikaa nitakuwa nimemfaa nani?" Nilimjibu kwa maneno ya kumtia moyo, naye akaaga kwa heshima. Lakini nilijua, naye bila shaka alijua, kwamba sikuwa nimemjibu. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Ufadhili wa baada ya uzamifu ni kipindi cha mwaka mmoja au miwili ambacho msomi aliyehitimu karibuni hupewa na taasisi fulani, pamoja na posho, maktaba na chumba cha kufanyia kazi, ili aigeuze tasnifu yake iwe kitabu au aanze utafiti mpya bila ya kulemewa na mzigo wa kufundisha. Kwa msomi chipukizi, hakuna kitu adimu kuliko muda huo. Swali tunalouliza ni la kimaadili: anayepokea muda huo ili achunguze maisha ya watu waliotawanywa, anawiwa na nani? Kuna majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza husema kwamba anawiwa na aliyempa. La pili husema kwamba anawiwa na nchi iliyomzaa na kumsomesha. Tunanuia kuonyesha kwamba yote mawili hayatoshi. Tutapendekeza la tatu: kwamba msomi anawiwa kwanza na wale ambao habari zao ndizo zilizompatia ufadhili, na kwamba deni hilo hulipwa kwa kuiweka kazi yake mahali ambapo wao wanaweza kuisoma na kuijibu.

Fadhila, Deni na Amana

Tuanze na neno lenyewe. Kiingereza huuita mpango wa aina hii kwa neno lenye maana ya ushirika, yaani usuhuba wa watu walioketi meza moja. Kiswahili hakikuchagua njia hiyo. Sisi tumesema ufadhili, na ndani ya neno hilo tumeiacha fadhila wazi, ionekane na kila mtu. Penye fadhila pana mkono wa juu na mkono wa chini. Waswahili husema, "Mfadhili mbuzi, binadamu ana maudhi". Husema pia kwamba shukrani ya punda ni mateke. Inafaa tutambue kwamba methali zote mbili zimesemwa kutoka upande wa mtoaji. Zinamlaumu mpokeaji kabla hajatenda lolote. Humo mna nadharia nzima ya zawadi, na haiko mbali na ile aliyoieleza Marcel Mauss mwaka 1925 aliposisitiza kwamba katika jamii nyingi zawadi hubeba wajibu wa kutoa, wa kupokea na wa kurudisha.

Hata hivyo, lugha yetu ina dhana nyingine ambayo haipaswi kuchanganywa na fadhila, nayo ni amana. Fadhila ni mali ya mtoaji aliyoamua kukugawia. Amana ni mali ya mtu mwingine uliyokabidhiwa tu. Kuitunza amana si ukarimu, na kuirudisha si shukrani, ni haki. Mtu aliyepewa fadhila akasahau huitwa asiye na shukrani. Aliyepewa amana akaila huitwa mwizi.

Tofauti hii ndiyo msingi wa hoja yetu. Mtafiti wa baada ya uzamifu hupokea vitu viwili kwa wakati mmoja. Kutoka kwa taasisi hupokea muda na fedha, na hizo huenda zikawa fadhila. Kutoka kwa watu anaowachunguza hupokea majina, masimulizi, nyimbo, barua za ukoo na siri za nyumba, na hizo ni amana. Kosa la kimaadili tunaloliona mara kwa mara katika taaluma hii ni kuvigeuza vitu hivyo viwili: tunailipa fadhila kana kwamba ni amana, na tunaila amana kana kwamba ni fadhila.

Dhana Iliyosafiri

Itatufaa kukumbuka ni wapi dhana ya diaspora ya Kiafrika iliposimamishwa mbele ya wanataaluma. Mwezi wa Oktoba 1965, wanahistoria wa Afrika walifanya kongamano la kimataifa Dar es Salaam. Katika kongamano hilo George Shepperson, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, aliwasilisha mada iliyomhusu Mwafrika aliye ng'ambo na kulitumia neno diaspora kuwa chombo cha uchunguzi. Mada za kongamano hilo zilichapishwa mwaka 1968 chini ya uhariri wa T. O. Ranger. Kwa hiyo, mojawapo ya chimbuko la taaluma hii ni mji wa Waswahili, kandokando ya bahari ambayo kwa karne nyingi iliwachukua watu wetu hadi Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi.

Lakini dhana husafiri kama watu, na hutua palipo na maktaba na mishahara. Leo, msomi chipukizi anayetaka ufadhili katika taaluma hii hutazama kwanza ng'ambo ya Atlantiki. Mfano mmoja ni Taasisi ya Carter G. Woodson katika Chuo Kikuu cha Virginia, iliyoanzishwa mwaka 1981, ambayo imewapa makazi na posho watafiti walio karibu kuhitimu na waliokwisha kuhitimu uzamifu. Woodson mwenyewe alizaliwa mwaka 1875 na wazazi waliokuwa watumwa, akapata shahada ya udaktari Harvard mwaka 1912, na mwaka 1926 akaanzisha juma la historia ya watu weusi ambalo baadaye lilikua likawa mwezi mzima.

Ni nani basi atoaye fadhila hapo? Chuo Kikuu cha Virginia kiliasisiwa mwaka 1819 na Thomas Jefferson, aliyekuwa na watumwa, na majengo yake yalijengwa kwa mikono ya watumwa. Mnara wa kumbukumbu uliokamilishwa katika uwanja wa chuo hicho mwaka 2020 unawaenzi watumwa wanaokadiriwa kuwa 4,000 waliofanya kazi hapo. Mtafiti wa Kiafrika anayekaa katika chumba kilicho karibu na mnara huo, akilipwa ili aandike juu ya utumwa, hana budi kujiuliza kama anachopokea ni fadhila tupu au ni sehemu ndogo ya jasho linalorudi kwa njia ndefu. Jibu la kwanza kati ya yale mawili, lile lisemalo kwamba msomi anawiwa na aliyempa, linaanza kulegea hapa. Mtoaji naye anawiwa. Hatusemi kwamba mpokeaji asishukuru. Shukrani ni adabu, na adabu ni wajibu. Tunasema tu kwamba shukrani isichukue mahali pa hesabu.

Shukrani Kama Kanuni ya Matini

Fasihi ya Kiswahili ina kitabu kinachoonyesha vizuri yanayompata mwandishi anapoandika chini ya uzito wa fadhila. Nacho ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapishwa London mwaka 1934. Mbotela alikuwa mwana wa mtumwa aliyekombolewa, na kitabu chake kinasimulia kutekwa kwa watu barani, safari ya kwenda pwani, kuuzwa, kuokolewa na manowari za Waingereza, na maisha mapya ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamishenari karibu na Mombasa mwaka 1875 na kupewa jina la Sir Bartle Frere. Frere Town, kwa maneno ya leo, ni makazi ya diaspora iliyorudi. Baadhi ya wakazi wake walikuwa wamepitia Bara Hindi, ambako watoto wa Kiafrika waliookolewa majahazini walisomeshwa katika shule ya Sharanpur karibu na Nasik, ndipo wakaletwa pwani ya Afrika Mashariki wakiwa na lugha mpya, ufundi na majina ya Kiingereza.

Wahakiki wa Kiswahili wamekishutumu kitabu hiki kwa sababu ambazo hazifichiki. Kinawasifu Waingereza pasipo kipimo. Mwarabu na Mswahili wa pwani hubebeshwa lawama zote, ilhali mahitaji ya mashamba na masoko ya Wazungu katika biashara hiyo hayatajwi kwa uzito unaostahili. Shutuma hizi ni za haki. Walakini tunadhani kwamba zimekisoma kitabu hicho kama kosa la itikadi tu, na kusahau kwamba ni tatizo la maadili pia. Mbotela aliandika kama mtu aliyefadhiliwa. Uhai wa baba yake, elimu yake mwenyewe, na mtambo uliokipiga chapa kitabu chake, vyote vilitoka mkono mmoja. Angeandikaje kinyume cha mkono huo? Fadhila haikumwamuru aseme uongo. Ilimwamulia hadithi ianzie wapi na iishie wapi: ianze kwa mateso, iishe kwa mwokozi. Hiyo ni kanuni ya kifasihi kabla ya kuwa kanuni ya kisiasa.

Je, sisi wa leo tu salama? Tunamcheka Mbotela kwa kumsifu malkia, kisha tunafungua vitabu vyetu kwa kurasa mbili za shukrani kwa taasisi, na baada ya hapo tunaipanga hoja kwa istilahi zile zile zilizoandikwa katika tangazo la ufadhili. Mwokozi amebadilika jina tu. Zamani aliitwa manowari. Siku hizi aweza kuitwa nadharia.

Hata hivyo, lipo jambo moja ambalo Mbotela alilifanya na ambalo wengi wetu hatulifanyi. Aliandika kwa Kiswahili. Kwa sababu hiyo kitabu chake kiliweza kusomwa na watu wa Frere Town wenyewe, na jirani zao waliolaumiwa ndani yake, na hatimaye wahakiki waliokisahihisha. Fadhila ilikipinda kitabu, lakini lugha ilikiweka mahali pa kujibiwa. Kimejibiwa kwa miongo mingi, na kinaendelea kujibiwa katika madarasa yetu.

Nani Hupanga Swali?

Hapa ndipo tunapolifikia suala la pendekezo la utafiti. Kila tangazo la ufadhili lina lugha yake, na kila mwombaji mwerevu hujifunza lugha hiyo. Kwa muda mrefu lugha ya taaluma ya diaspora imekuwa ya Atlantiki. Kitabu cha Paul Gilroy, The Black Atlantic, kilichotoka mwaka 1993, kiliipa taaluma hii msamiati ambao haikuwa nao, na hakuna mwanafunzi anayeweza kukipuuza. Lakini katika ramani yake Afrika yenyewe ina nafasi finyu, na Bahari ya Hindi haimo kabisa. Mwaka 2005 Paul Tiyambe Zeleza, msomi kutoka Malawi aliyewahi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, aliandika makala ya kudai kwamba historia ya diaspora iandikwe upya ivuke mipaka ya Atlantiki. Kabla yao, mwaka 1971, Joseph E. Harris, aliyekuwa msomi Mmarekani mweusi, alikwisha kutoa kitabu kuhusu Waafrika wa Asia, na mwaka 1987 akatoa kingine kuhusu waliorejea Kenya, wakiwemo watu wa Frere Town. Njia ya Bahari ya Hindi basi haikukosa watangulizi. Ilikosa wafadhili.

Matokeo yake tunayaona katika mapendekezo ya wanafunzi wetu. Mmoja anataka kuchunguza nyimbo za Masidi wa Gujarati. Mwingine anataka kusoma Kiswahili cha familia zilizohamia Omani kutoka Unguja. Wanapojaza fomu, hujikuta wakilazimika kueleza Masidi kwa mfano wa Brazili, na Omani kwa mfano wa Karibi, ili msomaji wa fomu aelewe. Kulinganisha si dhambi. Lakini ulinganishaji unaokwenda upande mmoja kila siku humfunza kijana kwamba jambo lake si jambo mpaka lifanane na la wengine. Marehemu Ali Mazrui, mzaliwa wa Mombasa aliyefundisha Marekani kwa miongo mingi na kurudishwa nyumbani kuzikwa mwaka 2014, alizoea kutofautisha diaspora ya utumwa na diaspora ya ukoloni, yaani wale waliochukuliwa kwa nguvu na wale walioondoka baadaye kwa sababu ya hali ambazo ukoloni uliziacha nyuma yake. Mtafiti wetu ni wa kundi hili la pili, naye hutumwa kwenda kulichunguza la kwanza. Asipokuwa mwangalifu, atayasoma maisha ya hao wengine kwa haja za safari yake mwenyewe.

Tusisahau pia kwamba ipo mipango iliyojaribu kugeuza njia. Mwaka 2008 Baraza la Marekani la Jumuiya za Wataalamu lilianzisha mpango wa insia za Afrika, kwa fedha za Carnegie, ambao uliwapa wasomi wa Ghana, Nigeria, Afrika Kusini, Tanzania na Uganda ufadhili wa kufanyia kazi humu humu barani. Mwaka 2013 ulianzishwa mpango mwingine wa Carnegie, uliotokana kwa sehemu na utafiti wa Zeleza, wa kuwaleta wasomi waliozaliwa Afrika na wanaofundisha Marekani na Kanada kuja kwa siku 14 hadi 90 katika vyuo vikuu vya Afrika, Kenya ikiwa mojawapo ya nchi za mwanzo. Mipango hii ni ya heri. Lakini kubadilisha mwelekeo wa ndege hakubadilishi peke yake mwelekeo wa maandishi. Msomi aweza kukaa Legon au Nairobi na bado akaandika mahali ambapo waliomsimulia hawatafika.

Kisa cha Jina

Niruhusiwe sasa kutoa ushahidi dhidi yangu mwenyewe. Baada ya uzamifu nilipata ufadhili wa mwaka mmoja katika chuo kikuu cha ng'ambo, nami nilichagua kuandika juu ya masimulizi ya wajukuu wa Frere Town. Kabla ya kuondoka nilikwenda Kisauni. Mzee mmoja aliyekuwa akiishi karibu na Kengeleni, mahali palipopata jina kutokana na kengele iliyowekwa zamani kuwaonya watu dhidi ya wateka watumwa, alinipokea barazani kwake siku tatu mfululizo. Alinisimulia habari za babu yake aliyesomeshwa Nasik. Nilipomuaga aliniuliza, "Daktari, na hayo utakayoyaandika, sisi tutayasomea wapi?" Nikamwahidi kumletea.

Makala yangu yalitoka kwa Kiingereza, katika jarida ambalo maktaba ya idara yetu haikuwa na uwezo wa kulilipia. Miaka minne ilipita kabla sijampelekea mzee yule nakala. Mjukuu wake aliketi akamfasiria aya moja moja. Katika aya mojawapo nilikuwa nimelijadili jina la Kiingereza la ukoo wao. Nilikuwa nimeandika, kwa kujiamini na kwa msaada wa nadharia nilizozipata ng'ambo, kwamba jina hilo ni alama ya nafsi iliyofutwa na mmishenari. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwa upole, "Babu hakupewa jina hilo na Mzungu. Lilikuwa la rafiki yake waliyesoma naye kule Nasik, akafariki akiwa kijana, hana ndugu. Babu alilichukua ili lisipotee."

Sijui maneno ya kueleza nilivyojiona. Nililiita alama ya kufutwa lile ambalo kwa wenyewe lilikuwa tendo la kuhifadhi. Jibu lilikuwapo barazani pale tangu siku ya kwanza, umbali wa swali moja tu. Sikuuliza kwa kuwa nadharia ilikuwa imekwisha kujibu, na hakuna aliyenisahihisha kwa kuwa niliandika mahali ambapo wenye jina hawakuweza kufika. Kosa hilo lingali limechapwa. Nimeliona likinukuliwa katika tasnifu mbili za watu ambao hawajapata kufika Kisauni. Mzee amekwisha kufariki.

Mfadhili wangu hakulalamika. Ripoti yangu ya mwisho ilipokelewa kwa pongezi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba mtu aweza kumaliza hesabu yote na aliyempa fadhila, na amana ikawa imeliwa.

Pingamizi

Yako majibu yanayoweza kutolewa dhidi ya hoja hii, nayo yanastahili kusikilizwa.

Pingamizi la kwanza ni la wale wasemao kwamba msomi anawiwa na ukweli peke yake, wala si na mtoaji, nchi au watu. Pingamizi hili ni zuri, na lina ushujaa wake. Lakini kisa cha jina kinaonyesha upungufu wake. Ukweli kuhusu watu haukai peke yake kama jiwe. Huwa mikononi mwa wenye kuujua. Anayejikinga asijibiwe nao amejikinga na ukweli pia. Katika taaluma hii, kuwajibika kwa watu ni sharti mojawapo la kuwajibika kwa ukweli.

Pingamizi la pili ni la kizalendo, nalo ndilo lile jibu la pili tulilolitaja mwanzoni: kijana arudi nyumbani, maana ni nyumbani palipomsomesha. Tungeweza kulikubali lau nyumbani pangekuwa pamemwekea kitu. Kenya ya miaka ya 1980 na 1990 iliwafukuza waandishi na wasomi wake kwa vizuizi na vitisho. Alamin Mazrui aliwekwa kizuizini mwaka 1982, na baadaye akafundisha Marekani. Kabla yake Abdilatif Abdalla alikwisha kufungwa kutoka 1969 hadi 1972, akaishi uhamishoni Dar es Salaam, London na Leipzig. Hatuwezi kuwaita watu hawa wasaliti. Tena, hata leo wengi wa wanaohitimu uzamifu hufundisha kwa vibarua katika vyuo viwili vitatu, wakingoja malipo ya muhula uliopita. Mkono mtupu haulambwi. Idara inayomlaumu kijana kwa kuondoka na haina saa moja ya utafiti ya kumpa, inadai deni ambalo haikulikopesha. Isitoshe, aliyerudi aweza kuila amana sawasawa na aliyebaki ng'ambo. Mimi nilirudi.

Pingamizi la tatu ni la kiutendaji. Litauliza: mbona msisitizo wa Kiswahili, ilhali Masidi wengi husema Kigujarati au Kikannada, na watu weusi wa Bahia husema Kireno? Na je, kijana ataajiriwa na nani akiandika kwa lugha ambayo kamati za ajira hazisomi? Kuhusu sehemu ya kwanza, tunakubali kabisa. Kanuni yetu ni ya kujibiwa, na Kiswahili ni njia yake pale tu ambapo Kiswahili ndicho lugha ya wenyewe. Anayechunguza Masidi wa Gujarati na akarudisha kazi yake kwa Kigujarati ametimiza kanuni hii kuliko anayewaandikia kwa Kiswahili. Kuhusu sehemu ya pili, hatumwambii kijana aache Kiingereza na kufa njaa. Tunamwambia kwamba kitabu cha ajira na marejesho ya amana ni kazi mbili, na kwamba ya pili isihesabiwe kuwa ya ziada. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Paradise, ilitoka mwaka 1994. Mzaliwa huyo wa Unguja alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na tafsiri ya Kiswahili, Peponi, ikatoka mwaka 2022. Miaka 28 ni muda mrefu kwa hadithi ya pwani kurudi pwani. Msanii aweza kusubiri tuzo na mfasiri. Mzee wa Kengeleni hakuweza.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba swali la ufadhili wa baada ya uzamifu limekuwa likiulizwa vibaya. Tumekuwa tukiuliza kama ni halali kupokea, na kama ni lazima kurudi. Maswali hayo yana uzito wake, lakini humwacha nje mtu wa tatu, ambaye hakutoa fedha wala hakutoa paspoti. Alitoa habari za babu yake. Huyo ndiye mwenye dai la kwanza.

Kutokana na hayo, yako mambo ambayo idara zetu zinaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili yeyote. Zinaweza kuhesabu makala ya Kiswahili, tafsiri ya msomi ya kazi yake mwenyewe, na hata mhadhara uliotolewa kwa wenye habari, kuwa ni kazi ya kitaaluma wakati wa kupandishana vyeo. Zinaweza kumtaka kila aombaye barua ya mapendekezo aeleze, katika aya moja ya pendekezo lake, kazi itasomwa wapi na waliomsimulia. Na zinaweza kufungua kurasa za majarida yao kwa majibu ya watu wasio na shahada, pale wanapokuwa na jina la kusahihisha. Kwa upande wangu, masahihisho ya kosa langu yanaanza katika kurasa hizi, kwa Kiswahili, ijapokuwa yamechelewa kwa yule aliyeyastahili.

Basi kwa mwanafunzi aliyeikunja barua yake na kuuliza, jibu langu ni hili. Nenda, wala usione haya. Waliokupa washukuru kwa adabu, na ripoti zao waandikie kwa wakati. Lakini kabla hujaondoka, nenda kwa wale utakaowaandika, ukawaulize hata yale unayodhani unayajua. Ukimaliza, rudi kwao na maandishi wanayoweza kuyasoma, ukae mpaka wamalize kuyasoma, nao wakikuambia umekosea, uandike kwamba umekosea. Ukifanya hivyo hutakuwa umemsaliti mtu, popote utakapoishi. Usipofanya hivyo, hata ukirudi kukaa katika chumba hiki changu, deni litakuwa pale pale.